Daftari Nililoliogopa

Juzi, katika ofisi ya kata, nilikikuta kitabu alichokiandika Mwalimu, yule mstaafu aliyezunguka Ngara kwa baiskeli akiwauliza wazee habari za wakoloni. Kilinuka karatasi yenye unyevu, harufu ya alasiri moja ya mvua pale kwetu Keza.

Utotoni nilimwogopa sana. Kila mzee ambaye Mwalimu alimwandika daftarini hakumaliza mwaka, nami niliamini daftari lake ndilo linalowaua. Sikujua kwamba alianza na wakongwe, akishindana na kifo.

Siku Mwalimu alipotarajiwa kwetu, Bibi alivaa kitenge kipya tangu asubuhi. Alitaka kumsimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kubeba mizigo ya askari, asirudi tena. Mvua ilipiga bati. Kengele ya baiskeli niliisikia mimi tu, barazani.

"Shikamoo, Mwalimu. Bibi hayupo, ameenda msibani Mbuba."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, mpe pole."

Hadi giza linaingia Bibi aliuliza, "Mwalimu bado?" Nikamjibu mvua imemzuia.

Tulimzika Bibi kabla maharage hayajakomaa.

Juzi, pale ofisini, nilifungua ukurasa wa Keza. Una mstari mmoja: "Hapa sikumpata wa kunisimulia."