Gari Langu Jekundu na Goti la Ta Felisiani

Siku ile naikumbuka hadi rangi ya soksi nilizovaa, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyokwenda Kimwani kuposa nikarudi bila jibu. Nimeiona picha uliyonitumia kwenye simu, ya lile gari la chini lenye milango miwili unalotaka kununua. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia uani kuuliza kama ni mzima. Ni mzima kabisa. Nimekumbuka tu ujinga wangu, na ujinga wa zamani ukishapona huwa mtamu kusimulia.

Wakati huo nilikuwa napima viwanja mjini Bukoba, kijana wa miaka thelathini na kitu, mshahara wangu wote umeishia kwenye gari la michezo. Lilikuwa jekundu, viti viwili tu, limelala chini hata paka asingepita uvunguni. Likiunguruma pale sokoni watu waligeuka, nami nilikuwa nalingurumisha hata pasipo na sababu. Majirani zetu hutusema sisi Wahaya kwamba tunapenda kujidai. Wanatuonea, lakini nakiri kwamba mimi nilikuwa nawatafutia ushahidi.

Basi nikampenda Kokusima, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Kimwani. Nilimpenda hasa, mwanangu, si kwa maneno. Nikaenda nyumbani Buganguzi kumwomba baba yangu mkubwa, Ta Felisiani, awe msemaji wetu. Ta ndivyo tunavyowaita wazee wetu wa kiume kwa heshima. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na huyu mzee ndiye aliyebaki nguzo ya ukoo. Alikuwa na goti bovu tangu alipoanguka akikata mkungu wa ndizi, lakini ulimi wake ulikuwa mzima na wenye asali.

Siku ya safari shangazi zangu wawili niliwaambia wapande basi watutangulie. Naona aibu hata kulitamka. Ta Felisiani akavaa kanzu yake nyeupe na koti, akashika fimbo, akalitazama gari langu kwa muda mrefu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akaanza kuingia kwa kutanguliza kichwa, kisha bega, kisha mguu mmoja, na ule wa goti bovu tukaukunja kwa mikono. Juu ya mapaja yake nikamwekea kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, zawadi ya wakwe.

Tulipoacha lami, mambo yakageuka. Kila penye tuta la udongo gari lilikwaruza tumbo, nami moyo ulinichoma kana kwamba ni mimi niliyekwaruzwa. Mara tatu nilimwomba mzee ashuke ili gari liwe jepesi. Mara tatu alishuka na kibuyu chake, akapanda mlima kwa miguu, nami nikimsubiri mbele nimeshika usukani na kumwambia, "Jitahidi kidogo, baba, tumekaribia." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa navunja guu la mkuu mwenyewe!

Tukafika. Wakwe walikuwa wamesimama uani, mbele ya migomba, bibi yake Kokusima amekaa kwenye mkeka kibarazani. Aliitwa Ma Yustina, mama mfupi, macho makali. Nikazima gari, nikatoka, nikafunga mlango wangu. Halafu, mwanangu, sikiliza nilichofanya. Nikainama kukagua bampa. Nikazunguka upande wa pili, nikapiga goti kwenye vumbi, nikachungulia uvungu mzima, nikapitisha kidole kwenye kila mchubuko. Ta Felisiani bado yumo ndani, amekwama, kibuyu kifuani, anagonga kioo polepole kwa pete. Aliyekuja kumtoa ni baba yake Kokusima. Alimvuta kwa mikono miwili, na mzee wangu, msemaji wa ukoo, akatua kwa wakwe kwa magoti, kanzu imejaa vumbi jekundu.

Walitupokea vizuri. Tulipewa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi kwa mgeni, na Ta Felisiani alijifuta vumbi akazungumza kwa hekima yake yote. Shangazi zangu wakaitikia. Alipomaliza, baba mkwe akasema kwa upole, "Tumefurahi mmekuja kutusalimia. Hilo jingine tutalizungumza siku nyingine." Kokusima hakuitwa. Kwa mtu wa kwetu, hiyo ni hapana iliyovikwa nguo nzuri.

Tulipokuwa tunaaga, Ma Yustina akanishika mkono.

"Kijana, gari lako halikuumia. Sote tumekuona ukilikagua," akasema. "Na huyu mzee uliyemwacha ndani, umemkagua?"

Masikio yaliwaka moto. Ningepata shimo ningeingia.

Wiki nzima Kokusima hakupokea simu zangu. Alipopokea aliniuliza swali moja tu. "Siku nikiwa na mimba, tukiwa njiani kwenda hospitali, utanitazama mimi au utatazama bampa?" Akakata. Ee Mungu wangu! Nililia, sikufichi. Nililia ndani ya gari lile lile, na hata kulia kwenyewe kulikuwa kwa shida maana usukani ulinigusa kidevu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaenda Buganguzi kumwangukia Ta Felisiani. Nilimkuta anapogoa mibuni yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Mimi nilikusamehe palepale," akasema. "Goti ndilo linaloendelea kununa. Tafuta usafiri wa watu, kisha uje uniambie."

Mjini alikuwepo mkandarasi mmoja mstaafu, mwenye shangingi la zamani. Enzi zake lilikuwa gari la wakubwa. Nilipoliona, ngozi ya viti ilikuwa imepasuka, rangi imefifia, kioo kimoja kinapanda kwa kusukumwa na mkono. Lakini injini ilikuwa nzima, viti vilikuwa saba, na matairi yangeweza kupita hata katikati ya mto. Mtoto wake wa kiume alikuwa amelitamani gari langu siku nyingi. Tukabadilishana, gari kwa gari, na kadi zake. Niliposhuka na shangingi mbele ya rafiki zangu walinipigia makofi ya dhihaka, wakaniita Paroko, eti gari la kuzungukia vigango. Jina hilo lilinikaa miaka. Siku za kwanza liliniuma, baadaye nikawa naitika.

Tukarudi Kimwani. Safari hii tulikuwa saba, na shangazi zangu kiti cha kati wakiimba nyimbo za kanisani mwanzo wa safari hadi mwisho, sauti zao zinapanda na kushuka na mashimo. Nilikuwa na furaha ambayo lile jekundu halikuwahi kunipa hata siku moja. Tatizo ni kwamba shangingi ni refu, na goti la mzee lilitaka ngazi. Nilikuwa nimebeba kigoda. Tulipofika nikaruka chini, nikakitega mlangoni, nikamshika Ta Felisiani kiwiko na kiuno, akashuka taratibu, hatua kwa hatua, kama askofu.

Kumbe kwa haraka ile nilisahau kuvuta breki ya mkono! Wote tulikwisha kushuka, mzee ndio kwanza anaweka mguu wa pili ardhini, nikasikia mawe yanalia. Shangingi likaanza kurudi nyuma lenyewe, polepole, likashuka mpaka kwenye mti wa mbuni. Kraa! Taa ya nyuma ikaenda. Nakiri mguu wangu mmoja ulitaka kukimbia. Lakini mzee alikuwa bado anayumba, uzito wake wote mikononi mwangu. Nikabaki nimemshika. Sikugeuka mpaka aliposimama imara na fimbo yake.

"Waitu, jamani, taa imevunjika!" Ma Yustina akapiga kelele kutoka kibarazani.

"Itatengenezwa, bibi," nikamjibu. "Shikamoo."

Ma Yustina akacheka kicheko kirefu, akageukia ndani ya nyumba. "Mwiteni Kokusima," akasema.

Mwanangu, gari zuri sikukatazi. Mimi mwenyewe bado nageuka likipita. Ila kabla hujatoa pesa, kaa ndani yake ujiulize ni nani atakaa pembeni yako, na nani utamwambia apande basi. Mama yako akiugua usianze kupiga hesabu ya jinsi ya kukunja magoti yake. Na ukishapata gari, liwe la chini au la juu, ukifika mahali shuka umtazame mtu kwanza. Shangingi halikunipa adabu, maana adabu haiji na kadi ya gari. Lilinipa nafasi tu, na nafasi hiyo niliitumia kwa kuchelewa.

Nenda na amani. Mungu akupe gari linalowaka asubuhi, barabara isiyo na mashimo mengi, na zaidi ya hayo akupe watu wa kulijaza, wazee kwa watoto, wanaoimba mpaka masikio yakuume. Amina.