Msitu Usio Hatarini

Marcelina wa Usinge hakuwahi kukata mti kwenye msitu aliorithi kwa baba yake, maana mizinga ya nyuki ya marehemu bado ilining'inia humo. Shemeji yake Valentino alishafyeka nusu ya msitu wake kwa ajili ya tumbaku, na kilabuni alitangaza kwamba nusu iliyobaki ataimaliza msimu ujao.

Ukaja mradi wa kuwalipa wenye misitu ili wasiikate. Mtaalamu, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko sufuria za harusini, akamwamkia Marcelina vizuri, kisha akauliza, "Mama, una mpango wa kuufyeka lini?"

"Nifyeke? Labda nife kwanza, mwanangu!" Marcelina akajibu kwa fahari, akamwekea na asali.

Kijana akala asali, akanawa, ndipo akamweleza kwamba mradi unalipia misitu iliyo hatarini tu. Wake ulikuwa salama mno. Valentino akalipwa kwa kutulia.

"Wema wako umekuponza, shemeji," Valentino akamcheka.

"Kweli kabisa. Hebu niazime shoka lako, si umelipwa usilitumie?"

Akaanza na mninga wenye mizinga, ule wa kando ya barabara, ili wataalamu wauone wakipita.