Niliripoti timu yangu kwa kuvunja salary cap, na walioumia si wale niliowalenga

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Hii nitaisema vile ilikuwa, hata pale inaponichoma mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni beki wa kushoto. Timu yetu ilikuwa ligi ya kulipwa, na ligi yetu ina salary cap. Yaani kila klabu imewekewa kikomo cha mishahara ya wachezaji, ukipita unaadhibiwa. Wazo ni zuri, matajiri wasinunue kila mtu.

Nilikuwa naishi Mamboleo, chumba kimoja na Okello, straika wetu. Tumepika omena kwa sufuria moja, tumefua jezi kwa beseni moja.

Halafu Okello akaanza kufunga. Mechi tano, magoli saba.

Siku moja akaniambia, "Omera, ndugu yangu, mwenyekiti wa klabu amenipea nyumba Milimani, kule kwa matajiri. Na kitu kidogo kila mwezi. Lakini usiseme, hiyo haiko kwa kontrakti, tungepita cap."

Nilimwambia hongera.

Wakuu, wivu ni kitu ya aibu, ndiyo maana watu hawaandiki juu yake. Nilianza kukumbuka krosi zangu. Kati ya yale magoli saba, manne pasi ilitoka kwangu. Lakini ni nani huimba jina la beki?

Kilichonimaliza ni mamangu. Anauza mitumba soko la Kibuye. Nilienda kumsalimia nikakuta Okello ameshapita, amemwachia gunia ya mchele.

Mama akasema, bila ubaya wowote, "Huyu kijana ana mkono mzuri. Na si mnacheza timu moja?"

Kesho yake nilikuwa kwa ofisi ya kamati ya ligi. Nikasema nataka haki kwa mchezo. Nikawaonyesha messages Okello alizonitumia kuhusu hiyo nyumba na pesa. Wakaahidi jina langu halitatoka, na kweli halikutoka.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki chache. Klabu ikapokonywa pointi kumi na mbili. Tulikuwa nafasi ya tatu. Msimu ulipoisha tukashushwa daraja.

Mwenyekiti alipigwa faini, akalipa, na bado ni mwenyekiti. Kontrakti ya Okello ikavunjwa, na klabu moja kubwa ya Nairobi ikamchukua hata kabla hajafunga mizigo.

Sisi wengine tukakatwa mishahara nusu. Mama mpishi wa kambini akaambiwa asirudi.

Kocha alituita uwanjani kutuambia. Kipa wetu, baba wa watoto watatu, mtu hajawahi kupewa hata nauli ya pembeni, akauliza, "Mwalimu, mimi nilivunja sheria gani?"

Kocha akaanza kukusanya mipira. Nikamsaidia.

Okello alinipigia siku ya kuondoka. "Pole, omera. Kuna mtu alituchoma. Ukimjua, mwambie ameumiza watu bure."

Nikasema sawa. Unajua nilikuwa nafikiria nini wakati huo? Nairobi watamlipa ngapi.

Leo huyo kipa anauza makaa, na tukipatana bado ananiita ndugu.

Nilichojifunza: adhabu ingemfuata aliyetoa na aliyepokea. Mwenyekiti afungiwe, straika akae nje msimu mzima. Pointi ni jasho ya watu wote, hata wale hawakuonja kitu.

Najua kuna mtu atasema bila kukata pointi, tajiri atalipa faini kama anayelipa chai. Hiyo pia ni kweli, na sina jibu.

Sasa semeni nyinyi, kamati ingefanya nini? Na kabla mtu aniite shujaa, ajue hili: kama mwenyekiti angenipa mimi, hiyo sheria singewahi kuikumbuka.