Speza kwenye Gari la Mwanangu

Yule fundi wa kutoka Dar nilianza kumshuku asubuhi alipokataa uji wangu. Mtu kakaa kwenye treni usiku kucha, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, unamwekea uji wa uwele wa moto, anasema, "Asante mama, nimeshiba." Ameshiba nini? Hewa?

Alikuja mtaani kwetu Kikuyu kwa ajili ya gari la mwanangu wa mwisho. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyozoea rafu tupu yalijaa vitu, na kila kijana alikuwa na kitu cha kuuza ambacho jana hakikuwepo. Mwanangu alinunua gari kuukuu lililotoka ng'ambo, akaling'oa viti vya nyuma, akalichora namba mlangoni, akasema ataingia mashindano ya magari kwenye barabara ya vumbi ya Msalato. Mke wake alikuwa amejifungua juzi tu. Mtoto wa kike, mzuri, kichwa kama yai. Leo huyo mjukuu wangu ana gari lake mwenyewe na ndiye anayenipeleka kanisani, acheni nijisifu. Lakini wakati ule hata shingo ilikuwa haijakaza, na baba yake anataka kukimbizana na watu kwenye makorongo.

Fundi alitoa kwenye gunia vyuma vya mviringo, vinene kama vitumbua, vina matundu.

"Hivi nini?" nikauliza.

"Speza, mama. Zinakaa kati ya gurudumu na habu."

"Habu ndiyo nani?"

Mwanangu akacheka. "Ni pale gurudumu linapofungwa, mama. Speza inalisukuma nje kidogo, gari linatanua miguu, halipinduki kwenye kona."

"Kwani gurudumu lililalamika?"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilivuta kigoda, nikaweka ungo wa karanga mapajani, nikabaki palepale nabangua.

Fundi alifanya kazi amenipa mgongo. Akihamia gurudumu jingine, nami nahamisha kigoda, naye anageuka, ananipa mgongo tena. Akimaliza gurudumu analifunika gunia. Chakula kinafunikwa, maiti inafunikwa. Gurudumu linafunikwa kwa nini?

Alipokwenda chooni nikafunua. Lile gari nilikuwa naliosha mimi, kwa maji niliyochota mimi, kwa sababu mwanangu alikuwa mvivu wa kushika kitambaa. Bolti zake nilizijua. Zilikuwa zinachungulia nje ya nati, zinanichana vidole. Sasa nikatia kidole kwenye nati, kikazama. Bolti iko ndani huko, imejificha kama kobe. Nikarudisha gunia, nikarudi kwenye karanga zangu. Nilitaka kwanza nimwone anavyomaliza.

Jioni majirani wakajaa uani. Mwanangu kavaa kofia yake ngumu, anataka kulijaribu gari mpaka Zuzu na kurudi. Fundi ananawa grisi kwa mafuta ya taa, anasema treni ya Dar inakaribia. Nikasimama mbele ya boneti.

"Kwetu aliyepika pombe anakunywa kwanza, wageni wanamwangalia," nikamwambia fundi. "Akishameza, ndipo na wao wanapokea kibuyu. Hapa umepika wewe. Onja."

"Mama, mimi sinywi pombe."

"Nani kakupa pombe? Kaa kiti cha kushoto, cha abiria, mwende Zuzu. Mwanangu akimbize kama atakavyokimbiza siku ya mashindano."

"Ingia, fundi, ukapunge upepo," akasema jirani yangu muuza mkaa, na watu wakaangua kicheko.

Mwanangu aliona aibu. "Mama, mwachie mtoto wa watu. Treni itamwacha."

"Imwache. Atalala hapa, kesho atakunywa uji."

Fundi akafungua mlango wa kushoto. Akakitazama kile kiti. Akalitazama gurudumu la mbele. Kisha akaufunga mlango polepole, akamwambia mwanangu, wala si mimi, "Kaka, ngoja kwanza. Bolti ni fupi. Ukiweka speza, nati inashika kidogo sana. Zile ndefu hazijafika, na wewe ulisema una haraka."

"Kwa hiyo ulijua?" mwanangu akamwuliza.

"Niliona zitashikilia."

"Zishikilie mpaka wapi?" nikauliza mimi.

Mwanangu alivua kofia. Alitazama dirisha la chumba ambamo mkewe alikuwa ananyonyesha, akachukua spana mwenyewe. Walifungua magurudumu yote, speza zikarudi kwenye gunia lao, magurudumu yakakaa kwenye habu bila kitu katikati. Kila nati ilipokazwa nilipitisha kidole, mpaka bolti inichome. Mwanangu alisema namwaibisha. Nikamwambia ashike taa vizuri.

Mashindano hakushinda. Alifika nyuma nyuma huko, na akarudi nyumbani na meno yamejaa vumbi, akaomba maji ya kusukutua kabla ya kumshika mwanawe.

Mtaani kwetu mpaka leo wako wanaosema yule fundi alikuwa mwungwana, kwamba alisema ukweli mbele za watu. Sawa, aliusema. Aliusema baada ya kuonyeshwa kiti. Kabla ya hapo alikuwa anaulizia treni.