Dawa ya Majani

Niliwahi kuua udongo kwa sababu ya neno moja fupi: "ya". Dawa ya macho huponya macho, dawa ya panya humuua panya, na Kiswahili hakijaona haja ya kututenganishia hayo mawili. Mimi, mtoto niliyependa kukaa jikoni kuliko kucheza na wenzangu, nilijichagulia maana iliyonipendeza. Tata, yaani baba yangu, alikuwa katika kikosi cha kufyeka kando ya reli na njia za kambi ya wafanyakazi wa mgodi, pale Kolwezi, wakati wa Wabelgiji. Mwaka ule walipewa chumvi nyeupe ya kukoroga na maji, ili mapanga yapumzike. Jioni moja alirudi na ndoo iliyobaki, akaiweka nyuma ya jiko, akasema ni dawa ya majani, tusiiguse. Hata kwinini tulikatazwa kuigusa, kwa hiyo sikushtuka. Na lengalenga za Mama, ule mchicha wetu wa Katanga, zilikuwa zinageuka manjano. Majani yanaumwa, dawa ya majani ipo. Daktari angefanya nini zaidi? Nikalinywesha tuta zima, kwa upendo, hadi mizizini.

Lengalenga zikakauka kama zilizopitiwa na moto. Mama hakunichapa. Alifanya vibaya zaidi: kila mgeni alipokuja kwetu, alinitambulisha. "Huyu njo daktari yetu. Mugonjwa wake wa kwanza alikufa." Lakini wageni walipoondoka, nilimwona akichuchumaa pale tutani bila kucheka. Kampuni ilitupa unga na nyama. Mboga ya kulia bukari, ugali wetu, ilikuwa juu yake, na kiwanja kilikuwa kile kile kimoja, chekundu, kigumu kama tofali. Ule weusi wa tuta lake aliutengeneza mwenyewe, miaka na miaka, kwa majivu, maganda na mavi ya kuku. Alipanda tena, mbegu hazikuota. Akafukia maganda ya ndizi, na alipoyafukua baadaye yalikuwa vile vile, yamekauka tu. Hicho ndicho kilichomtisha. Udongo, bulongo kama tunavyouita kwetu, haukunuka kitu. Ulikuwa kama sahani iliyooshwa.

Baadaye sana, nikiwa sekondari, mwalimu alitueleza kwamba ndani ya konzi moja ya udongo kuna viumbe wasioonekana kwa macho, wengi kupita watu wa mji, na kazi yao ni kula uchafu na kuugeuza kuwa chakula cha mimea. Darasa zima liliona ajabu isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nimeshakutana nao, yaani nilikuwa nimeshawaua. Ile chumvi iliondoka na majani ikaondoka na wapishi wake, na bila wapishi hata ganda la ndizi linabaki ganda la ndizi.

Mama Kapinga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja na mumewe kutoka Kasai, alimshauri Mama aache kupanda, alishe tu tuta na kuiachia mvua isafishe. Mvua zikaja, zikapiga, zikapiga tena. Mama alitupa humo mabua, majani makavu, mavi ya kuku ya mtaa mzima. Ndipo asubuhi moja akatuita sote nje, na Tata akiwa bado na sabuni shavuni. Alikuwa ameshika bonge jeusi lenye utelezi, na nyungunyungu akijipinda kidoleni mwake. "Mukuje munuse," alisema. "Inaoza." Tukanusa kwa zamu. Nadhani ndiyo nyumba pekee ya kambi ile iliyowahi kumshukuru Mungu kwa kitu kuoza. Nilipumua, naona, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Siku hizi dawa hizo zinauzwa sokoni katika chupa zenye picha nzuri, na vijana wanapulizia asubuhi, mchana wamepumzika. Siwalaumu, mgongo wangu unawaelewa. Ila mimi bado napalilia kwa jembe, na kila nikigeuza tuta nanusa kwanza, kama mtu anayeonja mchuzi. Juzi Mama Kapinga, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinikuta nimepiga magoti, pua chini. Akasimama, akanitazama vya kutosha.

"Bulongo ilipona zamani, Mado. Ni weye tu njo tuko tunangojea."