Ukurasa wa Tafsiri Nilioruka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma mkataba wote wa mama mdogo isipokuwa ukurasa wa Tafsiri, ule unaoeleza maana ya maneno. Nilidhani maneno yake nayajua.

Mama mdogo ananunua mpunga Ipinda, anaukoboa, kisha anamuuzia mchele mteja wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, anayelipa kwa kwacha. Duka moja la kubadilisha fedha lilimpa mkataba wa kumgeuzia kwacha hizo kuwa shilingi. Mimi sikusomea sheria wala benki. Mikataba nimejifunza mwenyewe kwenye simu, nikinakili vifungu daftarini, na nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kikae sawa. Nilisahihisha jina lake lililokosewa. Kifungu cha malipo nilikirudia mara nne: "Ada ya huduma: hakuna." Nikamwambia asaini.

Malipo ya kwanza yalikuja pungufu. Alikuwa amepanga kukodi majaruba mawili ya mpunga Busale, akapata moja. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoninyima raha. Mwishowe nikaufungua ukurasa ule. "Kiwango" ni bei ya kununulia kwacha itakayopangwa na duka. "Tofauti" ni pengo kati ya bei hiyo na bei ambayo duka linauzia, nalo ni mapato ya duka. Ada kweli haikuwepo. Walichokata kilikuwa ndani ya bei.

Nilimfuata kwake Bondeni nikakiri, nikaanza kumweleza kwa maneno ya kitabuni. Akanikatisha.

"Ngoja, mwanangu. Walanguzi wakija shambani wanapima debe lenye kilima. Wakifika sokoni wanauza debe lililofutwa kilima. Si ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Sasa si ungesema! Umesoma mpaka umesahau debe."

Mkataba ulikuwa unakwisha, na wa pili ulishachapwa. Kama angeusaini vilevile, lile jaruba la pili angelikosa tena. Tulikwenda dukani pamoja. Niliuliza: kiwango ni cha nani, na cha saa ngapi?

"Kijana, hayo ni maneno ya kawaida tu," karani alisema.

Mama mdogo akavuta kiti, akakaa. "Baba, mimi sina haraka. Kilima chako kinaishia wapi? Kiandike hapo."

Karani akacheka, akaingia kwa meneja, akakaa huko muda mrefu. Ukurasa wa Tafsiri aliorudi nao ulikuwa mwingine. Kiwango kikawa bei inayobandikwa asubuhi ya siku ya malipo na benki iliyotajwa kwa jina. Tofauti ikawekewa kikomo, na tozo isiyoandikwa kwenye mkataba isikatwe. Tozo mpya ya kutuma fedha walikataa kuiondoa. Tulikubali, ila nilidai kiasi chake kiandikwe, na kikaandikwa. Niliusoma mkataba wote, neno kwa neno, wao wakisubiri. Kisha mama mdogo akasaini.

Malipo yaliyofuata yalilingana na hesabu ya daftarini mwangu. Amekodi majaruba yote mawili. Alinipigia akiwa hukohuko Busale, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akakata simu kabla sijajibu.

Siku hizi naanza kusoma ukurasa wa Tafsiri, na neno nisilolielewa naliuliza mbele ya karani, hata akisema ni la kawaida tu.