Fisi wa Serikali

Juzi mtoto wa dada yangu alinionyesha kwenye simu video ya fisi akizunguka bandani. "Anacheza," alisema. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni Tabora, bibi yangu alipokuja kutoka kijijini kwao Lusu tukaenda naye kutazama wanyama kwenye bustani ya wanyama.

Palinuka mkojo na nyama iliyoanza kuoza. Ndani ya wavu fisi alizunguka palepale, kucha zikikwaruza saruji. Mimi nilimtaka simba tu, lakini bibi alikuwa amesimama akimtazama fisi.

"Shikamoo, bibi," mhudumu alimsalimia.

"Marahaba. Huyu fisi ni wa nani?"

"Wa serikali."

Bibi alinivuta nyuma yake. Kijijini kwao fisi anayefugwa ni wa mchawi, ambaye humpanda usiku. Nikaamini kwamba serikali nayo inaroga, hata hamu ya simba ikaniisha.

Mhudumu alicheka. "Usiogope, bibi. Huyu hatoki, amezaliwa humu."

"Hatoki kabisa?"

"Kabisa."

Siku hizi siamini uchawi, na chuoni nimefundishwa sababu nyingi za kufuga wanyamapori. Hakuna hata moja ambayo ingemtosha bibi siku ile. Aliuachia mkono wangu, akausogelea wavu bila woga.

"Mchawi humtoa wa kwake usiku, akatembea," alimwambia mhudumu. "Nyinyi je?"